Mikono ya Mkurugenzi

"Hivi mumeo siku hizi anafanya kazi gani hasa?" jirani alimuuliza mke wa Mlingoti siku moja, wakianika nguo.

Swali halikuwa na ubaya. Zamani kila mtu alimjua Mlingoti. Alicheza mpira wa kikapu kwa mshahara mpaka goti likamgomea, akawa kocha wa timu ileile, akafoka kando ya uwanja miaka na miaka hadi sauti ikakwaruza. Sasa klabu ilikuwa imempa ofisi, kiti cha kuzunguka na cheo cha mkurugenzi. Mkewe alijibu kuwa kazi yake ni kukaa tu, wakacheka wote wawili.

Kumbe kukaa ndiko kulikomshinda.

Siku za mechi alikaa mstari wa mbele jukwaani, suti imemkaa vizuri, mkewe ubavuni. Mdomo aliufunga, lakini mikono ilikuwa na mazoea yake. Enzi za ukocha akishika sikio, maana yake rudini mlinde. Akipiga paja, mkabeni mwenye mpira. Wachezaji walilelewa kwa ishara hizo, na macho yao hayajamhama. Basi kocha mpya anaagiza hili pale benchi, mkubwa jukwaani anashika sikio, timu inagawanyika. Mechi iliyopita wawili walikwenda mbele, watatu wakarudi nyuma, mpira ukabiringika wenyewe hadi nje kama uliochoka kuwasubiri. Wakafungwa, na aliyezomewa ni kocha.

Huyo kocha alikuwa kama mtoto wa nyumbani. Mlingoti alimfundisha kudunda mpira hajaota hata ndevu, na mama wa nyumba alikuwa amempikia mara nyingi mno. Alipokuja kwao jioni moja, kesho yake ikiwa mechi ya mwisho, chai aliiacha ipoe. Alieleza polepole, macho kwenye meza, kwamba wachezaji hawawezi kuwa na makocha wawili. Kesho wakifungwa timu inashuka daraja, naye anaondoka zake.

"Mzee, timu ulisema umenipa," alimaliza. "Nakuomba basi unipe."

Mlingoti alikasirika. Alisema hayo ni maneno ya mtu anayetafuta pa kutupia lawama, yeye hajafungua mdomo tangu msimu uanze, aulizwe yeyote. Akamgeukia mkewe, ana hakika atamtetea.

Mkewe alikuwa mtu wa sala, si mwepesi wa kusema. Ile mikono alikuwa akiiona kila mechi, akanyamaza, akidhani kumsitiri mume ndiyo heshima. Sasa alimtazama kijana yule, akaona kunyamaza tena itakuwa ni kusema uongo.

"Mdomo hujafungua, baba," alisema taratibu. "Ila mikono yako haijanyamaza hata siku moja."

Mlingoti akaigeuza mikono yake, akaitazama kama ya mgeni.

"Haya, kesho nitaikalia," alisema mwishowe. Kocha akacheka kidogo, akanywa chai yake ikiwa imepoa vilevile.

Na kweli aliikalia. Mechi nzima viganja vilikuwa chini ya mapaja, na timu ikacheza kwa sauti moja. Dakika za mwisho zikawakuta sare. Kocha akaomba mapumziko mafupi, akachuchumaa katikati ya vijana wake, akawachorea mpango kwenye kibao. Wakaitikia. Lakini walipokuwa wakirudi uwanjani, nahodha akageuza shingo kuangalia jukwaani. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Mlingoti hakuwa ametikisa hata kidole. Sasa walikuwa wanamsoma uso, kama amekubali au amekunja kipaji.

Kocha aliwaona. Alisimama na kibao chake mkononi.

Mke, aliyekuwa akimwomba Mungu kimoyomoyo, alisikia pumzi ya mumewe ikishuka ndefu. Hakuna mtu ukumbini aliyeitaka mechi ile kuliko mumewe. Mlingoti akainuka, akafunga kifungo cha koti.

"Utanisimulia," alimnong'oneza.

"Jamani, si imebaki kidogo tu?"

Mlingoti alipenya mbele ya magoti ya watu, akichechemea, vijana wakimfuata kwa macho mpaka mlangoni. Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.