Binti za Mzee Yotamu

Mzee Yotamu alizikwa siku ya Jumanne, mwaka 1951, na Ijumaa yake alishushwa kwenye lori lililotoka Iringa akiwa beberu mweupe, namba saba. Mwanawe Isakwisa, mchungaji wa kituo cha mbuzi nje ya Mbeya, alimtambua kwa kile kikohozi chake. "Ndaga, tata," akamsalimu baba yake kwa Kinyakyusa, akampa maji.

Mke wa Isakwisa, Tusekile, alikuwa mkamuaji pale pale kituoni. Alipomwona beberu alijifunika shuka usoni akapita mbali, kwa kuwa mwanamke wa Kinyakyusa hatazamani na baba mkwe wala halitaji jina lake. Beberu naye akaingia majanini kumpisha. Bwana Mifugo, mkuu wa kituo, aliandika kuwa namba saba ana aibu.

Baada ya miaka mitatu binti za Mzee Yotamu walifika kumi na wawili, wote wanakamuliwa. Tusekile akawa anakamua wifi zake, nao, tofauti na mawifi wengi, hawakumletea ukorofi. Shida ilikuwa kipimo. Beberu hupimwa kwa maziwa ya binti zake: wakitoa mengi, anaachwa azalishe, wakitoa machache, anahasiwa ili damu yake isiendelee. Maziwa yenyewe yalikwenda yote klabu ya wakubwa, na mkamuaji akionja anafukuzwa kazi. Roho mbaya ya namna hiyo iliitwa utaratibu.

Tusekile alikuwa na mtoto wa miaka miwili, Damari, mwembamba, hata kusimama hajaweza. Kila alfajiri, kabla ya kupima, alimchotea kikombe kimoja, kila wifi akichangia kidogo. Kiwango kilikuwa painti tatu kwa mbuzi kwa siku. Binti za Mzee Yotamu walitoa painti tatu kasoro vijiko viwili kila mmoja, na vijiko hivyo vilikuwa tumboni mwa Damari.

Siku ya kuhasi, karani Gideoni alileta koleo. Tusekile alisimama pembeni na Isakwisa, machozi yakimtoka ndani ya shuka. Akisema ukweli, mtoto atakosa maziwa. Akinyamaza, mkwe wake anakatwa kizazi. Naye alimpenda mzee yule, ingawa hawakuwahi kuzungumza hata mara moja. Mwishowe akafungua kinywa.

"Isakwisa, mwambie mkeo anyamaze," beberu alisema, akiangalia ukuta. "Mtoto anywe."

Bwana Mifugo, ambaye Kinyakyusa hakukijua, aliuliza beberu anasema nini.

"Anasema yuko tayari, bwana," Gideoni akajibu.

Mzee Yotamu akajilaza mwenyewe. Kitabuni iliandikwa kuwa ukoo wa namba saba hauna maziwa. Tusekile alilia siku tatu, akikamua.

Mwezi uliofuata Damari alianza kutembea. Amri ya maziwa ilibaki ile ile. Lori likaleta beberu mwingine, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale, na binti zake walipoanza kukamuliwa, mwaka 1957, Tusekile alikuwa ananyonyesha mapacha, na kikombe cha alfajiri alikinywa yeye. Huyo naye alihasiwa.