Kiti cha Mzee Eino

Jumatatu asubuhi Darlene Petryk alikung'uta theluji kwenye buti zake, akaziacha mlangoni pa nyumba ya wazee huko Thunder Bay, Kanada, akaketi mbele ya kompyuta ya wauguzi. Programu aliyowaandikia kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, yenye dirisha moja kwa kila mkazi, ilikuwa ikianguka. Ukibonyeza picha ya mkazi ili uone dawa zake, wakati mwingine kila kitu kilijifunga.

"Mbonyeze Eino Rantala," alisema muuguzi Fern Ouellette.

Darlene alibonyeza. Programu ikaanguka.

"Unaona? Na mwenyewe hayupo." Fern alionyesha kiti kilichokuwa karibu na dirisha la ukumbi. Blanketi lilikuwa bado limeinuka mahali pa magoti. "Alipotea akinywa uji. Wiki jana alikuwa Bi Hilkka, akarudi mjukuu wake alipopiga simu."

Darlene alikagua programu mpaka wakati wa chakula cha mchana. Kosa lilikuwa la kawaida. Kitu kisichoshikwa na chochote, Python hukifagia kutoka kwenye kumbukumbu. Dirisha likija kukionyesha, linagusa patupu na kuanguka.

"Nani anamshika huyu mzee?" aliuliza.

"Ana binti kule mbali, Calgary. Marjatta."

Wakampigia.

"Baba amepotea tena? Jamani, niko kikaoni! Haya, mwambieni nampenda."

Mzee Eino alirudi kuanzia kichwani hadi kiunoni, akaomba kahawa. Simu ilipokatika alififia kabla kikombe hakijamfikia. Fern akainywa mwenyewe.

Darlene aliongeza mstari mmoja ulioiamuru programu imshike kila mkazi, awe na mtu au asiwe naye. Alipoiwasha upya, Mzee Eino alikuwa kitini, miguu na yote.

"Ulikuwa wapi, mzee wangu?" Fern aliuliza.

"Si mahali. Hata giza halikuwepo. Mbona uji umepoa?"

Msimamizi alizipasha familia habari kwamba hakuna mkazi atakayepotea tena, na kwamba sasa zingeweza kumwona mtu wao kwenye simu kupitia programu ile. Familia zilishukuru sana. Jumapili iliyofuata magari ya wageni yalikuwa machache uwanjani, na kufikia Krismasi theluji ya pale haikuwa na alama ya tairi.

Mwezi Januari Darlene alikuja kubadilisha kibodi. Mzee Eino akamshika mkono wa koti.

"Wewe ndiye uliyenifunga humo kwenye programu?"

"Ndiyo, mzee."

"Nilipokuwa nikipotea, Marjatta alikuwa akinipigia. Kwa hasira, lakini alipiga. Nitoe humo, mwanangu."

"Nikikutoa programu itaanguka, na wenzako watakosa dawa kwa wakati."

"Basi mpigie wewe. Mwambie nimepotea."

Darlene alipiga palepale, akiwa amesimama kando ya kiti, spika ya simu ikiwa imewashwa. Marjatta alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada, usinichezee," alisema. "Nimefungua programu hapa kwenye simu yangu. Namwona. Yupo, na amekula."

Mzee Eino alisikia kila neno. Akaachia koti, akageukia dirisha.

Programu haijaanguka tena. Majira ya kuchipua msimamizi aliagiza viti vya wageni viondolewe ukumbini, kwa sababu vilikuwa vikiwasumbua wapiga deki.