Wote Walihudhuria

Jumanne saa mbili asubuhi muuguzi alipanga fomu mezani, akachonga penseli mbili na kuijaribu mizani kwa tofali lililowekwa pale kwa kazi hiyo. Wa kwanza kuingia alikuwa fundi cherehani, aliyezikwa Ijumaa baada ya kupita kwenye kioo cha dirisha la ghorofa ya nne. Vipande vingine vilikuwa bado begani mwake.

"Umechelewa," muuguzi alisema.

"Mguu huu haukunjiki, dada. Unanidhalilisha kwenye ngazi."

Mizani ilisoma sifuri. Muuguzi aliandika uzito wa wiki iliyotangulia, kama utaratibu ulivyoagiza, kisha akauliza maswali.

"Usingizi?"

"Mzito."

"Umefikiria kufa wiki hii?"

Fundi alitafakari. "Hapana. Hilo limeisha."

Daktari mtafiti alikuwa ametumia miaka tisa kutafuta dawa ya sonona. Kanuni yake ilikuwa moja: mshiriki anayefika na kadi yake anahesabiwa kuwa anaendelea. Safu ya waliofariki ilikuwa tupu, kwa sababu kila aliyefariki alifika Jumanne iliyofuata, akiwa na kadi yake na bila huzuni hata chembe.

"Sijawahi kuona washiriki watiifu namna hii," mtafiti alisema, akifuta damu kwenye kiti kwa kitambaa chake mwenyewe. Alikuwa mtu nadhifu.

Mdogo wake muuguzi, seremala, alikuwa katika wiki ya pili ya vidonge. Muuguzi mwenyewe ndiye aliyemwandikisha. Sasa miguu ya kijana haikutulia hata akiwa amelala. Alikuwa ametoboa mlango wa chumbani kwa ngumi na kujing'ata mkono mpaka nyama ikaonekana.

"Mtoe mdogo wangu, daktari."

"Wiki ya pili huwa hivyo. Dawa ndiyo inashika."

"Wa wiki ya pili ndio wanaokufa."

"Na wiki ya tatu wanapata nafuu. Soma fomu, mwandiko ni wako."

Ulikuwa wake kweli. Jioni alivimwaga vidonge vya mdogo wake chooni. Kesho yake mtafiti akamtuma dereva na chupa nyingine, kwa ukarimu, na kijana akameza mbele ya dereva.

Jumamosi kijana alimvunja shemeji yake taya kwa nyundo, akapiga magoti kumwomba msamaha, akaiosha nyundo na kuirudisha kwenye sanduku la vifaa. Kisha alitoka akasimama mbele ya lori la mchanga.

Jumanne alifika mapema. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa bapa, na shati lilikuwa na chapa ya tairi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Panda mizani."

Ilisoma sifuri. Alimuuliza maswali yote, naye akayajibu kwa upole ambao hakuwa nao tangu utotoni. Swali la mwisho lilipokwisha, muuguzi aliandika juu ya fomu: *Amefariki.* Mtafiti aliichukua, akalifuta neno lile kwa kifutio, akapuliza vumbi lake.

"Kadi anayo," alisema. "Amefika."

Alifungua kabati la chuma aihifadhi fomu. Mkono wake ulipokuwa ndani ya droo, muuguzi aliisukuma kwa nyonga. Akaivuta, akaisukuma tena. Mara ya tatu aliegemea kwa uzito wote, vidole vinne vikavunjika kimoja baada ya kingine, na damu ikatiririka mpaka droo ya chini. Waliokuwa kwenye foleni walisogea ili mtafiti apate pa kukaa. Fundi cherehani alichana shati lake akamfunga mkono.

"Bwana, usiuchezeshe," alimwambia. "Wewe bado unaumia."

Mtafiti alisaini ripoti kwa mkono wa kushoto. Dawa ilipitishwa, na wasifu wa washiriki ukasomwa: wote walihudhuria, wote walipona.

Wiki hiyohiyo kamati ya utafiti ilimwita muuguzi. Nje ya mlango, mdogo wake alikaa na kadi mkononi, miguu imetulia.

"Tunataka yaishe," mwenyekiti alisema. "Mwombe daktari radhi, urudi kazini."

"Siombi."

"Wewe ni mama wa watu. Fikiria hadi Jumanne."

"Jumanne pia siombi."