Kisa cha Mama Mmoja

Walikuwapo wanne katika chumba cha kushonea: fundi mwenyewe, wifi yake, muuza maziwa na mwalimu mstaafu. Kila Jumatano alasiri walisogeza cherehani ukutani, wakaomba, kisha mmoja wao akasimulia kisa cha maisha ya kila siku na kukitolea funzo la imani. Siku hiyo zamu ilikuwa ya wifi.

"Kuna mama mmoja, simtaji jina," akaanza. "Mwanawe kafukuzwa chuo tangu mwaka jana, naye bado anatuambia mtoto anasoma. Kutwa anashona sare za watoto wa wenzake, ukweli kaumeza. Funzo ni kwamba Mungu huwashusha wenye kiburi."

Muuza maziwa akaangua kicheko. "Tumtafute wapi, jamani, na mshona sare mtaani ni mmoja?" Kisha akauona uso wa fundi, kicheko kikamkauka.

Siri ile fundi aliitoa kwa mtu mmoja tu, wakiwa wamepiga magoti pamoja, baada ya kuambiwa, "Nitwike mimi huo mzigo, wifi yangu, tumpelekee Mungu."

"Lakini sikutaja jina," wifi akajitetea.

"Yuda naye hakutaja jina, wifi. Alibusu tu."

Mwalimu akainamisha kichwa. Fundi akasimama.

"Jumatano ijayo zamu ni yangu," akawatangazia. "Kisa ni hikihiki, na mwanangu ataketi karibu yangu. Nilidanganya, nitatubu kwa kinywa changu. Nawe wifi, njoo usikie. Ila tangu leo, siri zangu nampelekea Mungu mwenyewe, bila tarishi."