Kipande Kilichobaki Kwenye Ufagio

Kukaa mahali pamoja kunaniwasha mwili. Nimefagia bandari, stesheni, machinjio na shule mbili, na kote niliondoka kabla hawajanizoea. Mwezi huu nafagia ghala la mbegu na dawa za shambani, nalala kwa mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, mtu wa maabara katika zahanati iliyo nyuma ya ghala hilohilo. Nguo zangu zilishakuwa ndani ya mfuko, mfuko uko mlangoni. Ijumaa niondoke.

Jumatano jioni mpwa alinikalisha mezani nimsikilize, maana alikuwa na mtihani. Alichora kitu kama duara lenye mikono mingi.

"Hii ni makrofaji, Mjomba. Seli inayomeza vijidudu."

"Mfagiaji mwenzangu."

"Ila huyu hamalizi kila kitu. Akishakisagasaga kijidudu, anabakiza kipande kidogo, ndiyo antijeni, anakiweka nje ya mwili wake kwenye kishikio, kama mtu aliyekunjua kiganja. Halafu seli T, walinzi wa mwili, zinapita kukitazama. Kila moja inajua umbo moja tu maisha yake yote. Nyingi zinapita zao. Ile inayolijua inasimama, inazaana, inaamsha wenzake."

"Na asipobakiza?"

"Nani atajua adui ni yupi?"

"Mimi nikibakiza uchafu nafukuzwa."

"Ubakize usibakize, miezi mitatu haikupiti mahali pamoja," alisema, macho yakiwa kwenye daftari.

Alhamisi asubuhi gunia moja lilipasuka. Kijiko, mpakiaji tuliyemwita hivyo kwa kuwa hatembei bila kijiko mfukoni, alilikumbatia kifuani akalitoa nje, unga mweupe ukimmwagikia shingoni. Mimi nikajifunga kitambaa puani, nikazoa unga wote pamoja na gunia lenyewe, nikavitupa kwenye lori la taka lililokuwa linawasha injini. Sakafu ikang'aa. Hata msimamizi alisifu, naye si mtu wa kusifu.

Haikupita saa, Kijiko yuko kitandani zahanati. Walishamvua nguo na kumwosha. Jasho linamchuruzika, mate yanamtoka, mboni za macho zimesinyaa kama tundu la sindano.

"Dawa gani hiyo?" tabibu aliniuliza.

"Unga mweupe."

"Mna unga mweupe wa aina ngapi?"

"Saba."

"Sindano ya kwanza nimempa. Ya pili siwezi kubahatisha. Kuna sumu inayoitaka, na kuna inayozidi kumdhuru mtu akichomwa hiyo. Gunia liko wapi?"

Nilitazama dirishani, kana kwamba lori lingerudi lenyewe. Mpwa wangu hakunisema. Alinipa glovu tu, akaniambia, "Mjomba, tafuta hata kipande."

Nilikimbia na magoti yangu haya. Sakafuni hakuna kitu, nilishaifagia mwenyewe, na sijawahi kujichukia kwa usafi kama saa ile. Nikaugeuza ufagio. Katikati ya nyuzi zake kilikuwa kimenasa kipande cha gunia, upana wa dole gumba, kina mstari wa kijani na uzi wa kahawia. Herufi hata moja hakuna. Nikakiweka juu ya kifuniko cha kopo, nikashika njia nimekitanguliza mbele.

Mtunza ghala alikitazama. "Mimi najua karatasi, mzee."

Mtu wa mizani akasema, "Mimi najua kilo."

Mpakiaji mmoja akasema kwake magunia yote yana jina moja, mazito. Nikazidi kwenda.

Mwisho nikafika kwa mama anayeshona magunia, kwenye kona yake, asiyemsalimu mtu kabla ya chai.

"Lete."

"Usishike, mama."

"Nani kakwambia nataka kushika? Uzi wa kahawia, mishono miwili. Haya yalikuja mara moja tu. Nimeshona tisa, yakanichana vidole. Yako nyuma ya mbegu."

Akainuka. Sikujua kama ana sauti ile. Alipaza mara moja tu, wapakiaji wakaja kutoka kila mlango, wakaburuta magunia ya mbegu mpaka gunia zima la dawa ile likaonekana, na maandishi yake yote. Mmoja akayapiga picha kwa simu, tukakimbia naye.

Tabibu alisoma, akavuta sindano ya pili.

Alasiri Kijiko alifumbua macho. "Kijiko changu kiko wapi?"

"Kimefungiwa na nguo zako zenye sumu," mpwa alimjibu.

"Basi mtanilisha nyie."

Leo ni Ijumaa na mfuko wangu bado uko mlangoni. Nimevaa glovu, nimekata vipande vya magunia matupu ya aina tano, nimevipigilia ukutani juu ya ufagio, kila kimoja na jina lake. Zimebaki aina mbili, ziko chini kabisa ya rundo la mwisho, na anayejua kulisogeza bila kuliangusha ni Kijiko, naye bado amelazwa.