Kadi ya Mteja

Mimi ni mpiga chapa, na kwa sababu hiyo watu wengi wananijua kwa jina la Wino. Karakana yangu ni chumba kimoja chenye mashine mbili, meza ndefu ya kukatia karatasi na dirisha lisilofunguka vizuri. Vyote nilirithi kwa baba, pamoja na tabia yake moja: sichapishi kitu kabla sijakisoma kwa sauti, neno kwa neno, hata kama ni tangazo la kuuza matofali. Baba alikuwa anasema macho huruka makosa, ulimi hujikwaa.

Jumanne hiyo tarishi wa klabu alileta oda ya kadi elfu kumi na mbili. Sikushangaa. Kadi za klabu yetu ya mpira zimechapwa kwetu tangu baba yuko hai, na mimi mwenyewe ni mwanachama mwaka wa ishirini na tisa. Tangu mwekezaji aingie, miezi minane nyuma, kila kitu kilikuwa kinabadilishwa: nembo, geti, viti vya jukwaa kuu, hata mabomba ya vyooni. Nikajua sasa zamu ya kadi imefika. Nikavaa miwani, nikasimama dirishani kwenye mwanga, nikaanza kusoma.

Upande wa mbele, pale palipokuwa pakiandikwa "Mwanachama", paliandikwa "Mteja Maalumu". Nikadhani karani kakosea. Nikageuza. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa, na hapo ulimi ukajikwaa kweli: "Mwenye kadi hii anakubali kwamba hana haki ya kupiga kura, kugombea uongozi wala kuhudhuria mkutano wowote wa klabu. Anayepokea kadi hii amerudisha kadi ya zamani na haki zake zote."

Nilisoma mara tatu. Mara ya tatu sauti ilipanda mpaka fundi viatu wa mlango wa pili akaja kuuliza nagombana na nani.

Klabu yetu haikuanzishwa na tajiri. Ilianzishwa na wapakuaji wa maghalani na mafundi wa karakana, watu waliocheza peku jioni baada ya kazi. Tangu hapo ni mali ya wanachama. Ndio wanaomchagua kiongozi na ndio wanaomtoa. Mwekezaji alipokuja tulikubaliana mkutanoni, mikono juu, achukue asilimia arobaini na tisa, sisi tubaki na hamsini na moja, na neno la mwisho liwe la mkutano. Mkono wangu ulikuwa mmojawapo. Sikumchukia mtu yule. Miaka kumi na saba bila kombe inachosha, na mimi nilikuwa nimechoka kama wenzangu. Lakini sasa alikuwa anatutoa nje ya nyumba yetu, na alitaka hati ya kututoa niichape mimi.

Nikampigia simu kaka yangu. Kaka ni fundi bomba, ila amekuwa mwenyekiti wa tawi letu kwa miaka kumi, na hata mke wake humwita Mwenyekiti. Alifika mchana huohuo na begi lake la spana. Nikamnyooshea karatasi. Hakuisoma. Aliiweka mezani, akaanza kujifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Ulikuwa unajua," nikamwambia.

"Wenyeviti wa matawi tuliitwa ofisini mwezi uliopita. Tukaelezwa."

"Mkasemaje?"

"Tukasaini."

Kweli, chini ya karatasi kulikuwa na muhuri wa klabu na sahihi saba. Ya tatu ilikuwa ya kwake, yenye mkia mrefu unaopinda kama ndoano, ileile anayoitumia tangu shule. Nilikuwa nimeiona, macho yakakataa kuitambua.

"Mdogo wangu, nisikilize," akasema. "Watu wanataka ushindi, hawataki mikutano. Mkutano wa mwisho walikuja wangapi? Tisini. Uwanjani wanakuja elfu kumi. Huyu bwana katuletea winga, katuletea kocha, vyumba vya wachezaji vinapitisha maji ya moto. Nimeyafunga mabomba yale kwa mikono yangu. Sasa neno moja kwenye kadi linakuuma nini?"

"Ningekuwa mteja tangu mwanzo lisingeniuma. Baba alifariki akiwa mwanachama. Wewe umemgeuza mteja kaburini."

"Usimwingize baba humu."

"Wewe ndiye uliyemtoa."

Akasema kile nilichojua atasema: nisipochapa mimi atachapa mwingine. Nikamwambia basi achape huyo mwingine. Jioni tarishi alikuja kuulizia kazi, nikamwambia sichapi, nikamkabidhi nakala ya oda. Ile ya asili, yenye sahihi, niliiweka kwenye faili, kwa sababu oda ya asili ndiyo ngao ya mpiga chapa.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Kinyozi. Tawi letu halina ofisi. Siku ya mechi tunakutana kwenye kibanda chake cha kunyolea, wengine kwenye benchi, wengine mlangoni. Niliisoma ile karatasi kwa sauti. Goti alikuwapo, beki wetu wa zamani ambaye siku hizi anasukuma vitanda hospitalini na kutembea kwa kuchechemea. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Goti hili liliharibika nikivaa jezi ya klabu," akasema. "Sikuliumiza kwa ajili ya duka la mtu."

Lakini Kinyozi aling'aka. "Mnaongea kama hamjui tulikotoka. Mimi nanyoa mashabiki wa wale wengine kila Jumatatu. Mtu namshika kichwa, na yeye ananicheka kwenye kioo changu mwenyewe. Miaka kumi na saba. Huyu tajiri aniite mteja, aniite abiria, aniite anavyotaka, ilimradi Jumatatu moja nami nicheke."

Wengi waliguna kumkubali. Sikuwalaumu. Wengi wao walikuwa na Jumatatu za namna hiyo makazini kwao.

"Kinyozi," nikamwambia, "wewe una wateja. Mteja wako akitaka kujua kwa nini umehamisha kiti, au kwa nini umemwajiri fulani, unamwambia nini?"

"Namwambia hayamhusu. Nimnyoe, anilipe, aende zake."

"Na akigoma kuondoka?"

"Namtoa nje."

Alikuwa ameishika mashine hewani. Aliiangalia, akaizima. Hakuna aliyecheka. Alimalizia kichwa kilichokuwa mbele yake polepole, kisha akaniuliza bila kugeuka, "Katiba inasemaje?"

Ilisema kwamba wanachama mia tatu wakiweka sahihi, mkutano wa dharura lazima uitishwe ndani ya siku kumi na nne. Nikarudi karakana, nikayachapa yale maandishi ya nyuma ya kadi kwa herufi kubwa, ukubwa wa ukurasa wa gazeti, bila kuongeza neno langu hata moja. Mimi, Goti na Kinyozi tukasimama getini na fomu za sahihi.

Timu ikashinda tatu bila, na winga wa tajiri akafunga mawili. Watu walitoka wakiimba, na karatasi zangu zikaishia chini ya miguu yao. Mwanamama mmoja aliyevaa jezi yetu aliniambia kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa, "Dada, leo tumefurahi. Usituharibie." Mwingine akaniuliza nimetumwa na wale wengine kwa bei gani. Tulipata sahihi arobaini na moja. Niliokota karatasi zangu zenye alama za viatu. Sikuwa na hasira na tajiri tu. Niliwakasirikia watu wangu, ambao mtu kawapa pipi wakamwachia funguo za nyumba.

Kadi zilichapwa kwingine, na wiki iliyofuata zikaanza kutolewa. Foleni ilianzia dirisha la ofisi ikazunguka uzio. Utaratibu ulikuwa rahisi: unatoa kadi ya zamani, unasaini daftari, unapewa mpya inayong'aa. Ya zamani karani alikuwa anaikata katikati kwa mkasi na kuitupa kwenye ndoo. Ile ndoo ndiyo iliyotusaidia. Watu waliokataa kusoma karatasi yangu walisimama saa nzima wakisikia mkasi.

Katikati ya foleni alikuwapo mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke aliyefundisha nusu ya watu waliokuwa pale. Alipofika dirishani karani alinyoosha mkono apokee kadi ya zamani. Mwalimu hakuitoa. Aliomba kwanza aione hiyo mpya, akaigeuza, akaisogeza mbali na macho, na akawasomea wote waliokuwa nyuma yake, kwa sauti ya darasani, hadi nukta ya mwisho.

"Nani amesaini hii bila kusoma?" akauliza.

Wanaume wazima wakainama. Karani akamwomba asogee awapishe wengine. Mwalimu akamjibu kwamba yeye ni mwanachama, amesimama kwenye ofisi yake, na atasogea akimaliza. Siku ile kabla ya saa sita, wale waliokuwa kwenye foleni walihamia kwa Goti pale getini kutafuta fomu. Ijumaa tulikuwa na sahihi mia sita na kumi na tano.

Mkutano ulifanyika ukumbi wa klabu, Jumapili asubuhi, na wengine walisikilizia madirishani. Tajiri hakuja. Alimtuma msemaji wake, kijana mtanashati wa maneno laini, ambaye kwa dakika ishirini alitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: sisi ni familia, sisi ni moyo wa timu, tajiri hulala akituwaza. Alipobanwa kuhusu kadi, alitabasamu.

"Ndugu zangu, lile ni kosa la uchapaji. Mpiga chapa alichanganya maandishi. Tunasikitika, na tutamchukulia hatua."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Hakuna mpiga chapa mwingine wa klabu wanayemjua. Miaka yote ya kazi yangu nimesoma kila herufi kwa sauti ili mtu asije akasema neno lile, na kijana huyu alikuwa amelitamka huku anatabasamu. Nilisimama.

"Mpiga chapa ni mimi," nikasema. "Kadi hizo nilizikataa. Oda hii hapa, ina muhuri wenu. Maandishi ni yaleyale, hakuna herufi iliyochanganywa."

"Imesainiwa na nani?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Karatasi ilikuwa mkononi, na kaka yangu alikuwa meza ya mbele pamoja na wenyeviti wenzake sita. Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kuyasoma majina yote. Nilimwona anavyoitazama karatasi ile, na mdomo ukawa mzito. Sikujua ningefanya nini, na mpaka leo sijui. Aliniokoa yeye. Alisimama, akavua kofia.

"Sahihi mojawapo ni ya kwangu," akasema. "Tuliletewa, tukaelezwa, tukasaini. Hakuna kosa la uchapaji. Dada yangu hakosei. Mimi ndiye niliyekosea, na uenyekiti wa tawi nauacha hapa."

Akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakuna aliyempigia makofi, wala hakuna aliyemzomea. Wale sita wengine walibaki wamekaa, kila mmoja anasoma kucha zake.

Kura ilipigwa. Kadi mpya zikafutwa, daftari la sahihi likachanwa mbele ya watu, na azimio likaandikwa kwamba mabadiliko yoyote ya uanachama yapite mkutanoni. Miezi miwili baadaye tajiri akaondoka. Alisema hawezi kufanya kazi na watu wasio na shukrani. Aliondoka na kocha wake na winga wake, na timu, iliyokuwa ya pili, ikamaliza msimu nafasi ya tisa.

Kwa kaka nilikwenda baada ya wiki tatu. Nilimkuta amelala chini ya sinki la jirani, miguu tu inaonekana. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliniomba spana namba kumi na saba, nikampa, akaniomba na kitambaa. Hatukuongea juu ya mkutano. Alipomaliza alifungua maji, akatazama kama yanavuja, akaniambia wifi yangu ameuliza mbona siku hizi sifiki kula.

Msimu huu tunasuasua. Mwezi uliopita tulifungwa mbili moja nyumbani, na mwanamume mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, kwa makusudi nisikie, "Huyo ndiye aliyemfukuza tajiri. Sasa atuchezee yeye winga."

Niligeuka. Nilimwambia mkutano wa wanachama ni Jumapili ijayo saa nne, aje aniseme mbele ya watu, na akiwa na tajiri mwingine mwenye adabu amlete tumsikilize.

Akanitazama kwa mashaka. "Kwani naruhusiwa kuingia?"

Nikamwuliza kama ana kadi. Akaitoa kwenye pochi, imechakaa pembeni. Kwa tarehe iliyoandikwa, amekuwa mwanachama kwa miaka sita.