Mwelekezi Hajashuka

Baada ya chakula cha mchana, fundi mkuu alikuwa chini ya gari la mashindano akifungua giaboksi. Juu yake, kwenye kiti cha mwelekezi, alikaa kaka yake, aliyefia kitini humo msimu uliopita. Alikuwa akimsomea njia dereva asiyekuwepo.

"Kushoto kali, usikate. Kulia wazi, gesi. Kushoto, korongo, breki..."

Hapo, penye kona iliyomuua, alikohoa, akaanza upya.

"Kaka, punguza sauti. Kichwa kinanigonga," fundi alisema kutoka chini.

Mke wa marehemu aliingia na shati lililopigwa pasi, akamvalisha kupitia dirishani.

"Umekonda," alimwambia.

"Nimekufa, mama. Ulitaka ninenepe?"

Kampuni yenye timu ilikuwa imetangaza kwamba ajali ililetwa na mwelekezi kusoma vibaya. Fundi alikuwa amewaambia kabla ya mbio kuwa breki za mbele zina ufa. Wakamjibu kwamba wapiga picha wanangoja. Marehemu naye hakuwa na makuu. Siku mtu wa kampuni atakapotamka kuwa ni breki, alisema, yeye atashuka akapumzike.

Badala yake kampuni ikajitoa mashindanoni. Magari ya timu yaliingia bila ushuru, hayakuruhusiwa kubaki nchini yakiwa mazima, kwa hiyo hilo likapelekwa kupondwa. Lilitoka likiwa bapa kama sinia. Kesho yake asubuhi lilikuwa gereji, juu ya jeki zake, na njia inasomwa. Wakaliponda tena, likarudi tena. Mwenye mashine akasema ana kazi nyingine za kufanya.

Miaka ikaenda. Mke akaota mvi, mume hakuota.

"Wakituona sasa watasema mimi ni mama yako," alisema akimfunga vifungo.

Kisha kampuni ikarudi mashindanoni, na bendera mpya na meneja kijana. Mke alivaa viatu vyake vya heshima, akamsubiri meneja mlangoni mwa gereji.

"Mwanangu, mume wangu alisoma sawa. Sema tu ni breki, nimpeleke akalale."

Meneja aliinama dirishani, akasikiliza mpaka penye kikohozi.

"Anasoma vizuri sana," alisema.

Mke akashika kitasa cha mlango wa gari.

"Hakosei kona. Hali, halali, wala hahitaji bima. Tunaendelea naye," meneja alimalizia.

"Na breki?" fundi aliuliza.

"Tumekuja na rangi mpya, mzee. Breki hazijawahi kuwa na tatizo."

Gari likapakwa rangi milango ikiwa imefungwa. Mke alisimama pale na shati mkononi mpaka rangi ikakauka.

Siku ya mbio, dereva, kijana aliyenyoa ndevu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, aliingia akajifunga mkanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alijibu marehemu. "Kushoto kali, usikate."